Kijiji cha Chini Kwenyewe

Tulipogawana vitu vya Mama, wadogo zangu walichukua vya maana. Mmoja alichukua cherehani, mwingine bangili na sanduku la mbao, na mimi nikasema nataka picha ya Kichina iliyokuwa juu ya kabati. Walinitazama kwa huruma, kama mtu aliyekaribishwa pilau akaomba ukoko. Picha ilikuwa imekunjwa, imezungushiwa kamba ya usumba wa nazi mizunguko mingi, na vumbi lake lilinipigisha chafya hadi machozi yakanitoka. Chafya zile zilinifaa, maana nilikuwa nimechoka kulia mbele za watu.

Niliifungua nyumbani kwangu Mpendae, mchana, binti yangu Asya akiwa amejilaza sakafuni anachora. Mama alikuwa ametia karafuu maiti ndani ya mkunjo ili wadudu wasiile, na harufu ilipotoka mikono yangu iliacha kufanya kazi. Ni harufu ya maiti kuoshwa. Ni harufu pia ya dawa ya Kichina ya kuchua, ile ya kikopo kidogo chekundu ambayo kila nyumba ya watu wa rika langu ilikuwa nayo, kwa mafua, kwa mgongo, kwa kichwa, kwa kila kitu. Wenzangu wakiinusa hukumbuka mafua. Mimi huanza kutafuta pa kujificha.

Niseme mapema kwamba mimi ni mwoga, asije mtu akangojea ushujaa. Naogopa mbwa, naogopa lifti, naogopa simu inayolia alfajiri. Wanaonijua hucheka na mimi hucheka nao, lakini najua woga huu ulianzia wapi. Ulianzia Michenzani, kwenye fleti yetu ya ghorofa ya juu, nilipokuwa mtoto wa pekee na skuli bado sijaanza. Neno moja lilinipoteza, na hapakuwa na mtu aliyejua kwamba nimepotea.

Neno lenyewe ni chini. Kwa mtoto wa Michenzani, chini ni mahali. Chini ndiko kwenye wenzako, kwenye gari, kwenye nguo zilizoanikwa, kwenye muuza mkate. "Nnashuka chini," tulikuwa tukisema, na mama zetu wakijibu, "Usikawie huko chini." Ukitaka mkate hukuwa na haja ya kuteremka. Mama alikuwa na kikapu cha ukili alichokifunga kamba ya usumba. Alikiteremsha dirishani, muuza mkate akakijaza, kisha akapiga mluzi tuvute. Kazi ya kuvuta alinipa mimi, na yeye akishika nyuma yangu, na usumba ulikuwa ukinikwaruza viganja hadi vikawasha. Kikapu kilikwenda chini na kikarudi juu, kila siku, wala sikuona kitu kilichoshindwa kurudi.

Halafu Bibi akafa. Alikuwa mama yake Mama, akilala chumba kimoja na mimi. Siku zake za mwisho majirani waliingia mmoja mmoja, na yeye, sauti imemkauka, akawataka radhi: kama kuna neno nililokukosea, nisamehe. Walimjibu radhi zote na wewe tusamehe, wakatoka wakifuta macho kwa ncha za mitandio. Ikasomwa Yasini. Asubuhi moja nilimshika mkono nikaona ni wa baridi, nikauachia haraka, nikaenda kuukaza mkono wangu kwenye kikombe cha chai ili upate moto.

Kutoka Matemwe alikuja Bi Mosi, ndugu yake Bibi, mwanamke mkulima wa mwani ambaye vidole vyake vilikuwa vimepasuka kwa maji ya chumvi. Kupitia upenyo wa mlango nilimwona amekunjua kitambaa cheupe kitandani, anakikata kwa mkasi mkubwa, chumba kizima kinanuka karafuu maiti. Kisha wanaume wakalichukua jeneza. Ngazi za fleti zile ni nyembamba, na kwenye kila kona ilibidi waliinue upande. Nilisimama juu nikasikia sauti zao zinashuka: "Kona hiyo. Taratibu. Inua kichwani. Taratibu."

"Bibi kenda wapi?" nilimuuliza Bi Mosi.

"Kenda chini, mwanangu."

Basi nikashuka kumtafuta. Nilizunguka nyuma ya gari, nikapita katikati ya shuka zilizoanikwa, nikatazama kwenye baraza ya wanywa kahawa. Nilimwita. Watu waliniona wakadhani nacheza. Bi Mosi ndiye aliyenifuata, anahema kwa ngazi, akaninyanyua.

"Siyo chini hapa," alisema. "Chini kwenyewe. Huko hatufiki kwa ngazi."

Bi Mosi hakuwa mtu wa kumdanganya mtoto. Kwao mtoto akiuliza hujibiwa, na akijibiwa hunyamaza. Nikanyamaza, lakini nilipolala kwenye kitanda cha peke yangu nilijua kwamba chini ya chini ya Michenzani kuna chini nyingine.

Matanga yalipokwisha akaja mgeni. Mama alikuwa muuguzi, na hospitalini kwao walikuwapo madaktari wa Kichina. Mmoja wao, mwanamke mfupi wa miwani, alikuwa amempenda Mama sana. Wagonjwa walimwita Bi Su. Alivua viatu mlangoni, akakaa mkekani na kukunja miguu vizuri kuliko sisi, akampa Mama kikopo chekundu cha dawa ya kuchua. Mama alikifungua palepale akajipaka kwenye kipaji. Harufu ilipotoka nilijibanza nyuma ya Bi Mosi, kwa sababu niliijua. Ilikuwa ya chumba cha Bibi.

Kisha Bi Su akakunjua picha ndefu iliyobandikwa kwenye fimbo mbili. Akaigonga kwa kidole akasema kwa Kiswahili chake cha hospitali, kila neno peke yake:

"Hapa kwetu. China. Bibi yangu hapa. Babu yangu hapa. Wote hapa."

Sikusikia neno geni hata moja. Nilisikia chini. Bi Mosi alikuwa na matamshi yake ya Matemwe, muuza mkate alikuwa na yake, na huyu mgeni alikuwa na yake. Na kama hilo halikutosha, watu walikuwa wakimwita Mchina. Mtu wa Pemba ni Mpemba. Mtu wa Tumbatu ni Mtumbatu. Mtu wa chini, basi, ni nani? Nilimtazama yule mama anakunywa chai yetu ya tangawizi, anatabasamu, na nikajua amekuja kutuonyesha alikopelekwa Bibi.

Baba akaitundika ukutani, juu ya kitanda cha Bibi.

Nitaieleza, maana niliijua kuliko nilivyoijua sura yangu. Juu ilikuwa milima mirefu iliyochongoka, ukungu umeikata katikati. Chini ya ukungu kilikuwa kijiji. Nyumba zilipandana ubavuni mwa mlima, paa za vigae vyeusi zimepinda ncha kwenda juu. Ngazi za mawe zilipita kati ya nyumba, zikafika kwenye kidaraja na kijito. Palikuwa na mti mmoja wenye majani mekundu. Madirisha yote yalikuwa meusi na hapakuwa na mtu kwenye hata moja, wala kuku, wala nguo iliyoanikwa. Mtu alikuwa mmoja tu, mdogo kama punje ya mchele, kwenye ngazi, amebeba fimbo begani yenye mizigo miwili kwenye ncha zake, ametugeuzia mgongo.

Kilichonitisha ni kimya. Michenzani hakuna kimya. Mtu anapiga zulia, mtu anamwita mtoto kutoka dirishani, redio tatu zinasema mambo matatu. Nilisogeza sikio karibu na ile picha nikasikiliza, na sikusikia kitu, na sikujua kwamba picha zote hazina sauti. Nilidhani hiki ni kimya cha watu waliokatazwa kusema. Nikawa nalala nimeipa mgongo, halafu nageuka, kwa sababu kuipa mgongo kulikuwa kubaya zaidi.

Siku moja tunakula mchana Baba akaniambia, amefurahi, tonge mkononi:

"Mamako anakwenda China."

Nikaliweka tonge langu. "Kule kwenye picha?"

"Naam. Huko huko kwenye picha. Anakwenda kusoma, awe muuguzi mkubwa."

Nilimtazama Mama. Alikuwa anachambua mwiba wa samaki wangu kama kawaida, wala hakuonekana mtu mwenye habari mbaya. Bibi pia hakulia. Nilijua sasa kwamba watu wakubwa wakiambiwa wanakwenda chini hukubali, na wakikubali basi.

Kuanzia siku ile niliona kila kitu kinarudiwa, kimoja baada ya kimoja, na hakuna aliyeshtuka ila mimi. Mama alinunua kitambaa cheupe cha kushonea gauni za kazi. Bi Mosi, aliyekuja kukaa nasi kwa ajili yangu, akakikunjua kwenye kitanda kile kile, akakikata kwa mkasi ule ule. Nilisimama mlangoni.

"Nyeupe ya nini?" nikauliza.

"Ya mamako. Ya safari."

Mama mgongo ulikuwa ukimuuma kwa kuinua wagonjwa, na jioni akijichua kwa dawa ya kikopo chekundu. Alikuwa akija kunikumbatia ananuka karafuu maiti, na mimi nabana pumzi. Alidhani nimenuna. "Umenuna nini, mama? Ntakuletea mwanasesere anofumba macho," akasema. Kufumba macho ndiko nilikokuogopa.

Halafu akaanza kutaka radhi. Alinishika mkono tukapita mlango hadi mlango, ngazi hadi ngazi. Watu wetu hawaendi safari ya mbali bila hilo, najua sasa, na mwenyewe nimelifanya. Siku ile nilimsikia mama yangu, mzima, amesimama kwa miguu yake, anasema maneno ya Bibi.

"Nnasafiri, nimekuja kutaka radhi. Kama kuna neno nlokukosea, nisamehe."

"Radhi zote, mwanangu. Na sie tusamehe," wakajibu, na jirani mmoja wa ghorofa ya pili akamlilia shingoni. Mimi nikaanza kulia pia, kwa sauti, nikagaragara kwenye sakafu ya kibaraza. Kila mtu alisema masikini, anampenda mamake. Walikuwa sahihi lakini haikunisaidia kitu.

Nilimwendea Bi Mosi, kwa kuwa yeye hasemi uongo. Alikuwa amekaa kibarazani anapeta mchele.

"Bi Mosi, mtu akienda chini hurudi?"

"Chini kwenyewe?"

"Chini kwenyewe."

Akaacha kupeta. "Hapana anorudi, mwanangu. Ndo maana tunaombeana dua." Kisha akanitazama vizuri. "Nani kakutia maneno haya? Nenda kacheze."

Hivi ndivyo nilivyobaki peke yangu na jambo lile. Nilitaka kumwambia Mama asiende, nikamwambia, akacheka akanibusu. Nilijaribu kutokula, Baba akaniletea askrimu ya maji na mimi, aibu yangu, nikaila. Sikuwa na njia nyingine yoyote ya mtoto. Ndipo nilipokiona kikapu kimetundikwa karibu na dirisha.

Nilingoja Bi Mosi aingie kwenye sala ya adhuhuri. Nikakishusha kikapu, nikaanza kufungua kamba. Fundo la Mama lilikuwa limekaza kwa miaka, nikalivuta kwa meno hadi midomo ikachubuka, na usumba ukanijaa kinywani. Nilikuwa naogopa Bi Mosi atatoa salamu ya kumaliza sala kabla sijamaliza. Fundo lilipoachia niliikusanya kamba yote kifuani, nikaisukumia chini kabisa ya sanduku la Mama, chini ya gauni nyeupe, nikazirudisha nguo juu yake. Sikujua kama itatosha. Ilitosha kutoka dirishani kwetu hadi kwa muuza mkate, na chini kwenyewe ni mbali zaidi, lakini hapakuwa na kamba nyingine.

Siku ya safari niliamka na homa, kwa hiyo uwanja wa ndege sikwenda, na ndege sikuiona. Labda ningeiona inapaa ningeanza kutilia shaka elimu yangu. Nilichokiona ni watu sebuleni wanasoma Yasini. Nilimwona Baba ameinua Msahafu juu na Mama anapita chini yake. Mama alinikumbatia ananuka kile kikopo. Kisha Baba na jirani wakalinyanyua lile sanduku, zito, wakaanza kuteremka nalo, na Mama nyuma yao, na mimi nimeshikwa na Bi Mosi pale pale juu nilipokuwa nimesimama siku ile nyingine.

"Kona hiyo," nikasikia. "Taratibu. Inua upande wako. Taratibu."

Nilipiga kelele ambayo Bi Mosi aliisimulia hadi alipokufa. Alisema hajapata kusikia mtoto analia vile kwa sababu ya safari.

Mama alikaa sana. Nguo zangu zilinipanda magotini, meno mawili ya mbele yakang'oka. Baba alinunua kamba mpya ya nailoni akilalamika kwamba Michenzani siku hizi wanaiba hata kamba. Mara chache Mama alipiga simu, na simu ilikuwa kwa jirani wa ghorofa ya kwanza. Baba alikuwa akija mbio: "Haya, twende chini ukazungumze na mamako."

Niliwahi kwenda mara moja tu. Wakanibandika mkono wa simu sikioni. Kulikuwa na upepo ndani yake, na kwenye upepo sauti ya Mama, ndogo, inaniita jina langu, na kila akiniita sauti nyingine inarudia nyuma yake. Niliiangusha simu nikapanda ngazi kwa mikono na miguu, nikaingia mvunguni mwa kitanda. Hawakunilazimisha tena. Baba alimwambia Mama kuwa nina haya.

Na bado, nyie, mtoto hawezi kuogopa kitu kimoja siku zote bila kukizoea. Picha ilikuwa mbele yangu asubuhi na jioni. Nikaanza kuiamkia. "Shikamoo Bibi," nilikuwa nikisema nikiamka, na "shikamoo Mama." Nikawapangia nyumba. Bibi nilimpa iliyo chini ya mti mwekundu, kwa sababu alipenda kukaa nje na kuchambua mboga. Mama nilimpa ya karibu na daraja, asipate tabu ya maji. Nikajua ngazi ipi imevunjika, dirisha lipi ni kubwa. Nikaona kwamba ni mahali pazuri. Hakuna anayemfokea mtu kule, hakuna vumbi, na ukungu ule huenda ni moshi wa watu wanapika. Nilikiogopa kile kijiji na nikakipenda, na mchana wakati jua linaingia chumbani nilikuwa nakaa nakitazama nikimtafuta Mama dirishani. Yule mtu wa kwenye ngazi nilimkagua kila siku kama amesogea.

Siku moja alasiri nilisikia vigelegele huko chini. Ngazi zikajaa miguu. Mlango ukafunguliwa, akaingia mwanamke mwembamba, rangi imemfifia kwa baridi ya kule, amejitanda mtandio mweupe. Sebule ikanuka karafuu maiti.

Akapiga magoti akanyoosha mikono. "Mwanangu."

Nilisahau kila shikamoo niliyompa ukutani. Huko harudi mtu, nilikuwa nimeambiwa, na huyu amerudi, basi si mtu. Nilijitupa nyuma ya Bi Mosi nikajifunika kwa kanga yake yeye mwenyewe ameivaa, nikapiga kelele, "Rudi chini! Rudi chini!"

Watu walicheka kidogo, kisha wakaacha. Nilichungulia nikamwona Mama bado amepiga magoti, mikono yake haijui iende wapi. Sijapata kuona sura kama ile tena. Baba akasema ni mtoto, kasahau, atazoea. Mama akaitikia kwa kichwa, akajifuta uso kwa kiganja, akajitia kazi kufungua sanduku ili wageni wapewe zawadi zao. Alitoa mashuka, vikombe, mwanasesere. Kisha akatoa kamba ya usumba, imekunjwa vizuri.

"Na hii," akasema, anajilazimisha kucheka, "nani kanitilia kamba ya kikapu? Nimeanikia nguo kule mpaka wenzangu wakaniazima."

"Ala," Baba akasema. "Na mie nimewatukana majirani."

Nilitoa mdomo nje ya kanga. "Yangu."

"Yako? Ya nini?" Mama akauliza.

"Ya kupandia."

"Kupandia wapi, mama?"

"Kutoka chini."

Sebule nzima ikacheka, na Baba ndiye aliyecheka zaidi. Mama hakucheka. Alimtazama Bi Mosi, akatazama mlango wa chumba ambako picha ilionekana ukutani, juu ya kitanda cha Bibi, akanitazama mimi. Niliona jambo linamwingia polepole. Akakaa sakafuni, kamba ipo mapajani.

"Ulidhani nimekwenda alikokwenda Bibi," akasema.

Nikaitikia kwa kichwa.

"Muda wote huu?"

Nikaitikia.

Bi Mosi akajishika mdomo. "Mie ndo nlomwambia," akasema. "Kaniuliza chini, mie namjibu chini. Sikujua mtoto anasema China."

Mama aliiweka kamba pembeni. Alinyoosha mkono mmoja tu, kiganja juu, akauacha hapo sakafuni bila ya kunisogelea. "Njoo unishike. Shika tu, kisha ukitaka rudi kwa Bi Mosi."

Nilikwenda kwa makalio, kidogo kidogo. Nikamgusa mkono kwa kidole kimoja. Ulikuwa wa moto, una jasho. Nikaushika wote, nikauweka shavuni, nikalia hadi nikatapika, na Mama akanishika kipaji, wageni wakaondoka wenyewe.

Jioni yake alinipakata tukakaa chini ya picha, akanieleza kijiji. Alikuwa amekwenda kweli. Bi Su alikuwa likizo kwao, akamchukua. Alisema ngazi zile ni za zamani mno, mawe yake yameliwa katikati kwa miguu ya watu. Alisema pembeni ya ngazi hupita kijito chembamba mbele ya kila mlango, wanawake huoshea mboga, na usiposikia kitu kingine unasikia maji. Mahindi huning'inizwa chini ya paa, na pilipili huanikwa kwenye nyungo kama sisi tunavyoanika karafuu.

"Mbona hakuna watu?" nikauliza.

"Wako shamba. Jioni wanarudi, nyumba zote zinatoka moshi. Kimya chake ni cha watu wako kazini. Mie nimekipenda, nilikaa kizingitini nikakumbuka Matemwe."

"Na yule?" Nikamwonyesha wa kwenye ngazi.

"Huyo katoka sokoni. Huoni mizigo? Anarudi kwake."

Akaniambia bibi yake Bi Su yupo, mzima, hana meno kama Bi Mosi, na Bi Mosi akaguna kutoka jikoni. Bibi yule alimshika Mama mikono akaigeuzageuza kuishangaa hina, kisha akamchomea viazi vitamu kwenye majivu. Nilisikiliza kwa furaha, nikingoja afike kwenye mti mwekundu. Hakufika. Ikabidi nimuulize mwenyewe.

"Na Bibi yetu? Anakaa hapa. Hukumwona?"

Mama aliniweka vizuri mapajani. "Bibi yetu kule hayuko, mwanangu," akasema. "Yule kaenda chini kwenyewe. Bi Mosi hakukudanganya."

Hivyo siku ile ile niliyorudishiwa Mama ndiyo niliyofiwa na Bibi. Niliutazama mti mwekundu na nyumba yake tupu. Kijiji hakikunitisha tena, lakini nililia kwa sababu Bibi hana tena pa kukaa.

Nimekaa na mambo haya miaka mingi bila ya kuyasema. Kamba sikuiulizia tena. Nilidhani imekwenda na taka, kama kamba zinavyokwenda. Mama aliugua, nikamleta kwangu, akatutaka radhi sote mmoja mmoja, na mimi nilipomjibu radhi zote nilisikia vile viganja vyangu vinawasha. Nilikuwa miongoni mwa waliomwosha. Nilishika bakuli la karafuu maiti, na mkono wake ulikuwa wa baridi, na nyumba ya Mpendae haina ngazi, lakini wanaume walipofika mlangoni mmoja wao alisema taratibu.

Sasa kamba ilikuwa mkononi mwangu. Ile ile, hata fundo lililotafunwa lipo mwishoni mwake. Mama aliiweka muda wote huu, ameifungia kijiji. Asya aliacha kuchora, akaja kusimama begani kwangu.

"Kamba ya nini hii?"

"Ya kupandia."

"Kupandia wapi?"

"Kutoka chini," nikasema. Neno lilinitoka kabla sijalizuia, na nilikuwa nimeapa tangu zamani kwamba mwanangu hatalisikia kwangu.

Asya aliipima kwa macho. Hana haraka huyu mtoto. Kisha akauliza juu ya Mama, "Sasa mbona Bibi hakwenda nayo?"

Woga wote wa Michenzani ulinirudia. Nilitazama madirisha meusi, mti mwekundu, yule mtu anayerudi kwake na mizigo yake.

"Kaniwachia mie," nikamwambia. "Anajua mie mwoga."

Akaridhika, au akajifanya. Tukatafuta msumari. Nikapanda kwenye kiti, kiti kikayumba, nikashika ukuta. Tuliitundika picha kwa kamba ile ile, mimi navuta, na Asya ameshika nyuma yangu.